Duara Lisilotobolewa

Baba yangu alikuwa mkadiriaji kabla yangu, ingawa yeye hakuwahi kuwekewa kompyuta mezani. Kwa miaka mingi alinunua ng'ombe kule Dagoretti kwa niaba ya wenye bucha. Ng'ombe akishushwa kwenye lori, baba alimzunguka, akamgusa nundu, akambonyeza ubavuni kwa dole gumba, kisha akasema atatoa nyama kiasi gani. Hakuwa akisema uzito wa ng'ombe. Ngozi, kwato, pembe na majani yaliyojaa tumboni alikuwa ameshayaondoa kichwani mwake, akabaki na kile kitakachoning'inia kwenye ndoano. Mara nyingi alipatia. Siku alizokosea tulijua kabla hajavua viatu, kwa sababu aliingia nyumbani akimlaumu ng'ombe, na mama alimuuliza bila kugeuka kutoka kwenye jiko, "Na ng'ombe mwenyewe anasemaje?"

Kazi yangu ni hiyo hiyo, ila ng'ombe wangu ni kilima. Nakaa katika ofisi moja katikati ya jiji, ghorofa ya juu ambako lifti hufika ikipenda, nikikadiria dhahabu iliyo chini ya ardhi ambayo mara nyingine sijawahi kuikanyaga. Watu wakisikia hivyo huniuliza papo hapo iko wapi, kana kwamba nimebeba jembe kwenye buti ya gari. Swali hilo huniudhi. Dhahabu kuwa ardhini si habari. Habari ni kiasi gani kinaweza kutolewa bila gharama kushinda faida. Hicho ndicho tunachokiita akiba inayochimbika, na hesabu zake zina jina refu, jiostatistiki, ambalo baba alilijaribu mara moja mbele ya wageni wa kanisa, akakwama katikati, akamalizia kwa kusema msichana wake anafanya mambo ya mawe.

Kazi yenyewe ni hivi. Mashine inatoboa visima vyembamba, kimoja hapa, kingine kule, na mawe yanayotoka yanapelekwa maabara. Palipotobolewa tunajua. Kati ya kisima na kisima hakuna ajuaye, na hapo katikati ndipo mshahara wangu unapotoka. Tunaanza na jambo ambalo kila mkulima analijua, kwamba shamba hufanana na lile lililopakana nalo kuliko lililo ng'ambo ya mto. Tunapima ufanano huo unafika wapi kabla haujakatika, na unaelekea upande gani, maana mshipa wa dhahabu una njia yake. Halafu tunaigawa ardhi yote, kwenye kompyuta, kuwa matofali makubwa ya kufikirika, na kila tofali linapewa thamani kutokana na visima vinavyolizunguka. Kisima cha karibu kinasikizwa zaidi, cha mbali kinasikizwa kidogo. Tofali likipata thamani ya kutosha, shimo la mgodi linapanuliwa kulifuata. Lisipofikisha, linaachwa na nyasi zake.

Mama alifariki nikiwa chuo kikuu. Tulimpeleka kwetu, magharibi, tukamzika kando ya nyumba waliyojenga yeye na baba kwa ajili ya uzeeni, nyumba ambayo mama hakupata kuizeekea. Watu wa kwetu hatuziki Nairobi. Mtu anaweza kuishi hapa tangu ujana, akazaa hapa, akapata kiti cha mbele kanisani, lakini akifa anarudishwa, na jamaa watachangishana hadi senti ya mwisho ili arudi. Baba ameishi mtaa wa Jamhuri, hapa Nairobi, tangu mimi nikiwa mtoto, na mpaka leo ukimuuliza anakaa wapi atakuambia yuko kazini. Amestaafu zamani, ng'ombe wake wa mwisho ameshasahaulika hata na aliyemla, lakini bado yuko kazini. Nyumbani ni kule aliko mama, na upande wa kulia wa mama kuna nafasi yake. Alikuwa akiitaja bila huzuni yoyote, kama mtu anayezungumzia kiti chake mezani.

Kisha ikaja kampuni ya kutafuta dhahabu. Huko kwetu wazee walichekecha dhahabu mtoni tangu zamani, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa. Mashine zilianza kutoboa mashamba ya jirani, zikakaribia letu. Baba alikuwa bado anaweza kusafiri. Aliondoka Nairobi na koti lake la mazishi, akaenda akamsubiri msimamizi wa mashine pale kwenye boma, akachukua kijiti na kuchora duara pana ardhini kuzunguka kaburi. Akamwambia: nje ya hapa toboa utakavyo, ndani ya hapa mke wangu amelala. Msimamizi alikuwa mtu wa pande zile zile. Alivua kofia yake ya plastiki, akasema, "Mzee, sisi pia tuna mama," na mashine ikaliruka lile duara.

Alirudi Jamhuri amejaa fahari. Alinisimulia habari ile jikoni, akasimulia tena mbele ya jirani, na Jumapili akaisimulia kanisani, na kila mara duara lilizidi kuwa pana. Nami nilifurahi. Nilimpikia chapati. Utafutaji mwingi wa madini huishia njiani, mashine zikaondoka na watu wakasahau, na wakati ule mradi wenyewe haukuwa na uhusiano wowote na ofisi yetu.

Ukaja kuwa nao. Siku nilipoona jina la kijiji chetu kwenye faili nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wetu nikamwambia mama yangu amezikwa pale. Mkuu wetu ni mama mtaratibu, hana maneno mengi. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Pole. Basi hii hutaigusa," akampa kazi mwenzangu wa meza ya pili, kijana hodari ambaye hula karanga akihesabu. Mimi nikapewa machimbo ya mawe ya ujenzi, mahali ambapo hakuna anayezikwa wala anayetajirika. Sikuuliza kitu. Mwenzangu naye hakusema kitu. Tulikaa hivyo miezi, tukisalimiana asubuhi na kuzungumzia mpira.

Habari zilinifikia kwa njia iliyo wazi kwa kila mtu. Kampuni iliitisha baraza kijijini, kwa chifu, ikabandika ramani ukutani ili watu waone shimo litafika wapi. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyebaki akilinda boma letu. Alihudhuria, akaipiga ramani picha kwa simu yake, akanitumia Jumamosi asubuhi. Nilikuwa kwangu Kileleshwa, nimesimama jikoni nikisubiri maziwa yachemke, na chini kwenye maegesho mtu anaosha gari kwa muziki wa sauti ya juu kama kawaida yao. Nilifungua picha nikaikuza kwa vidole.

Matofali yalikuwa yamepakwa rangi. Mekundu yenye dhahabu nyingi upande wa juu, ya buluu yasiyo na kitu upande wa mto, na ya manjano katikati. Visima vilikuwa vidoa vyeusi, vimepangwa kwa mistari. Na pale katikati, ndani ya manjano, palikuwa na duara ambalo halikuwa na kidoa hata kimoja. Mstari wa shimo la mgodi ulipita nje yake, ukalimeza lote. Maziwa yaliumuka yakamwagikia jiko nami nikiyatazama tu.

Nilielewa mara moja, na laiti nisingeelewa. Lile duara lilikuwa la baba. Kwa kuwa hawakutoboa ndani yake, kompyuta haikuwa na habari zozote za mahali pale, na kompyuta haiachi tofali bila jibu. Ilisikiliza visima vyekundu vya juu, ikasikiliza vya buluu vya chini, ikachukua katikati, na hiyo katikati ikatosha kuchimbwa. Msimamizi aliyevua kofia hakuwa na kosa, wala baba hakuwa na kosa. Waliheshimu kaburi, na ile heshima ikaacha pengo, na pengo likajazwa na majirani.

Jumatatu nilimwendea mwenzangu mezani kwake. Nilimwambia simuulizi siri za kazi, namuuliza tu kile kilichobandikwa kwa chifu. Je, hapo ndani ya duara walikuwa na chochote?

"Hapo hatukuwa na kitu, bana," alisema. Aliacha kutafuna. "Tulikuwa tu na majirani. Hao ndio waliongea."

Asiyekuwapo na lake halipo. Nilimshukuru, nikarudi kwenye mawe yangu ya ujenzi.

Wiki ile nzima niliwaza kama fundi, si kama mtoto wa mtu, kwa sababu ufundi ulikuwa unauma kidogo kuliko ule utoto. Dhahabu ya kwetu imo kwenye mishipa, na mshipa mara nyingi haufifii polepole kama rangi ya ramani. Hukatika ghafla, kama barabara ya lami inavyokatika kwenye mpaka wa kaunti. Kompyuta hulainisha mambo. Inapokuwa na vingi huku na sufuri kule, huchora mteremko mahali ambapo pengine pana ukuta. Nilitazama ile picha ya shangazi mpaka nikaijua kwa moyo, na kila nilivyoitazama niliona mshipa ukikatika kabla ya kufika kwa mama. Sikuwa nikijidanganya. Ningeulizwa kuhusu kaburi la mtu nisiyemjua ningesema vivyo hivyo. Na njia ya kujua ilikuwa moja tu. Watoboe ndani ya duara.

Nilimwendea baba Jumapili baada ya kanisa. Wakati huo moyo wake ulikuwa umepanuka, miguu ikivimba jioni, na daktari alikuwa amempiga marufuku safari ndefu. Alikuwa amekaa kibarazani na redio mapajani, sukuma wiki zake zikiwa zimeliwa na wadudu kwa sababu hakuweza tena kuinama. Nilimwonyesha picha nikamweleza. Nilidhani itakuwa vigumu kumwelewesha, lakini mtu aliyekadiria ng'ombe maisha yake yote hahitaji mhadhara.

"Sasa hiyo mashine," alisema, "haikushika huyu ng'ombe. Ilishika ile ya kushoto na ile ya kulia, ikasema ya katikati ni kama hizo."

"Ndiyo, baba."

"Na hiyo ni kazi mnasomea?"

"Ndiyo kazi tunasomea."

Alicheka kidogo, kifua kikamkatalia. Nilipomwambia kinachotakiwa, hakucheka tena. Alizima redio. Akaniuliza kama nimesahau kwamba alimpa mama neno lake, kwamba hakuna chuma kitakachoingia karibu yake. Nikamwambia chuma kisipoingia kidogo sasa kitaingia kikubwa baadaye.

"Una uhakika hawatapata kitu?"

"Sina uhakika. Nadhani mshipa unaisha kabla."

"Unadhani."

"Baba, kazi yangu yote ni kudhani. Lakini nadhani kwa hesabu."

"Mimi pia nilikuwa nadhani kwa hesabu," alisema, "na kuna siku mama yako alinicheka mpaka akakaa chini."

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, watu wa kwetu wote wanajua, na siku ile nilimjibu baba yangu mgonjwa kama mtu anayegombana na konda. Nilimwambia akipenda tukae tu tuombe Mungu, na kampuni ije na tingatinga. Kisha niliosha vyombo kwa kelele ambazo hazikuhitajika, nikaondoka bila kunywa chai. Wiki kadhaa tukawa tunazungumza kuhusu dawa tu.

Kilichombadilisha sijui. Pengine ni shangazi, aliyempigia kumwambia wameanza kuweka vigingi vyekundu kufuata ule mstari, na kimoja kimepigwa nyuma ya jikoni. Nilifika Jumapili moja nikamkuta amevaa shati la kanisani ingawa hakuwa ameenda kanisani. Hakunisalimu. Alisema, "Waambie watoboe. Lakini mimi mwenyewe nitamwambia mama yako." Akainuka, akashika ukuta, akaingia chumbani kwao na kufunga mlango. Nilikaa kibarazani. Nilimsikia akizungumza kwa lugha yetu, kwa sauti ile ya chini aliyokuwa akitumia na mama walipokuwa wakipanga mambo ya karo na sisi tumeshalala. Alimwambia kutakuwa na kelele kwa siku chache. Alimwambia avumilie, kwamba ni mara moja tu, na wakimaliza hakuna mtu atakayemsumbua tena. Alimwambia msichana wetu amepiga hesabu.

Hayo ya mwisho niliyasikia waziwazi.

Kampuni ilikubali haraka. Visima vilitobolewa ndani ya duara, na shangazi alikuwa akinitumia ujumbe kila jioni kuhusu jinsi wafanyakazi walivyokuwa na adabu, jinsi walivyofunika kaburi kwa turubai lisirukiwe na tope, na jinsi mmoja alivyomsaidia kufukuza mbuzi. Mawe yakapelekwa maabara. Mvua za masika zikaanza. Ngong Road ikafurika pale pale inapofurika kila mwaka na viongozi wakashangaa pale pale wanaposhangaa kila mwaka. Baba aliniuliza kila Jumapili, na kila Jumapili nilimjibu kwamba maabara hazina haraka. Alikuwa mchangamfu kipindi kile. Alianza kupanga jinsi atakavyomshawishi daktari amruhusu kusafiri Desemba akamwone mama, kwa ndege ikibidi, yeye ambaye hakuwahi kupanda ndege na alikuwa akisema ni gunia la watu.

Mimi pia nilikuwa mchangamfu. Niliamini hesabu yangu. Jioni moja nikitoka kazini, kanjo, askari wa jiji, wakifukuzana na wachuuzi na mimi nimejibanza mlangoni mwa duka la vitabu mpaka wapite, nilijikuta natabasamu peke yangu. Nilikuwa namwona baba uwanjani kwetu na koti lake, akilichora duara upya.

Kisha asubuhi moja mwenzangu wa meza ya pili hakula karanga. Nilimwona. Saa ya chai alikuja akasimama pembeni yangu, akasema, "Twende chini tukunywe kitu." Tulishuka kwa ngazi, lifti ikiwa katika siku zake. Tulikaa kwenye kihoteli kile cha uchochoroni, chenye mandazi magumu na chai nzuri. Aliniambia barua zimeshatoka kwenda kwa familia, vinginevyo asingefungua mdomo.

"Imeshika," alisema. "Visima vyote. Ule mshipa haukatiki, unanenepa. Hapo ndipo mahali poa kuliko zote." Akajisikia alivyosema, akaweka kikombe chini. "Pole sana. Pole, dadangu. Sikutaka usikie kwa mtu mwingine."

Nilimuuliza kuhusu kila kisima, kina chake, upana wa mshipa, kama wamerudia vipimo maabara, kama pengine sampuli moja tu ndiyo iliyokuwa na punje kubwa ikavuruga wastani. Alinijibu yote kwa subira. Wamerudia. Hakukuwa na punje. Ilikuwa kazi safi, ningeisaini mwenyewe. Nikalipia chai, nikapanda juu, nikaendelea na mawe ya ujenzi mpaka saa ya kutoka, na sikumbuki hata jiwe moja.

Nimejiuliza tangu hapo nilikosea wapi, na sijapata. Mambo kumi kama lile, nikiyakadiria kwa namna ile, mengi yangetoka nilivyosema. Makadirio yetu ni ya kweli kwa ujumla. Tunafundishwa hivyo, na ni sahihi. Lakini mama hakuzikwa kwa ujumla. Alizikwa mahali pamoja, na pale pamoja ndipo nilipokosa. Ningekuwa nimefanya uzembe ningelia nikaomba msamaha, ikaisha. Sasa sina hata kosa la kutubu. Na kuna lingine linaloniuma zaidi. Kabla ya kutoboa, baba alikuwa na neno la kumwambia yeyote: nyinyi hamjui kilicho hapo. Lilikuwa neno la kweli, hata kwa mwanasheria lingesimama. Mimi ndiye niliyemshauri alibadilishe na ujuzi, na ujuzi ukampokonya hata ubishi.

Jumapili nilikwenda Jamhuri. Barua ilikuwa imenitangulia kupitia kwa shangazi, naye alikuwa amemsomea baba kwa simu. Makaburi yote yaliyo ndani ya mstari yatahamishwa pamoja, kwa heshima, kwa gharama ya kampuni, na sala za kila dhehebu, hadi uwanja mmoja uliozungushiwa ua ng'ambo ya mto. Kila marehemu atapata nafasi yake. Waliomo ndani ya uwanja huo watakuwa wale waliohamishwa tu. Nafasi za watu walio hai hazihifadhiwi, na hakuna mazishi mapya yatakayofanyika pale. Shangazi alisema barua ni nzuri, imeandikwa kwa adabu.

Nilimkuta baba kibarazani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, niliitaka hata, nilikuwa na maneno ya kuipokea. Alinivutia kiti. Aliniuliza kama nimekula. Nilipoanza kulia alinipapasa mgongo kwa kiganja kile kizito, akasema, "Ng'ombe hutoka vibaya. Hata ukimshika vizuri." Tukakaa. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa, kwa mpira wa makaratasi ya nailoni, wakigombana nani ametoka.

Baada ya muda alisema lazima mama aambiwe. Haiwezekani aamshwe na wageni bila kuambiwa. Nilijua hilo, na nilidhani atainuka aende chumbani kama siku ile. Hakuinuka.

"Mimi nilimwambia avumilie, ni mara moja tu," alisema. "Sasa nitarudi kwake na maneno gani? Mwambie wewe. Wewe ndiye unajua vile ilienda."

Nilimpigia shangazi. Aliacha alichokuwa akifanya bila kuuliza kitu, nikasikia viatu vyake kwenye nyasi, akipumua, kisha akasema ameiweka simu juu ya saruji ya kaburi, ameweka spika, niseme. Nilisikia kuku na upepo. Mimi husimama mbele ya wakurugenzi nikawaeleza kilima chote kwa nusu saa, bila karatasi, na hawanikatizi. Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, ni mimi," nilisema. Nilimwambia tulijaribu. Nilimwambia chini yake kuna dhahabu, nyingi, na kwamba sikuitarajia. Nilimwambia watakuja watu na watakuwa na adabu, na ng'ambo ya mto pana mwinuko, hapatuami maji. Nilimwambia itambidi ahame. Nilipokwama nilimtazama baba anisaidie. Alikuwa ameangalia sukuma wiki zake.

"Mwambie pia mimi sitakuja," alisema.

Nilimpa simu aseme mwenyewe. Aliisukuma kwa mkono, taratibu, kama mtu anayekataa chakula cha pili. Upande wa pili shangazi aliuliza, kwa mbali, kama nimemaliza. Nikamwambia bado. Nikairudisha simu mdomoni, nikamwambia mama kwamba baba yupo hapa kando yangu, na kwamba anasema hatakuja.